Ramani Safi, Lakini Makaburi ya Shosho Yako Wapi?

Wasee, wiki mbili sasa bando yangu inaisha kwa ramani za zamani. Na si za Nairobi, ni za mashambani Kansas, Marekani. Acha niwaambie nilifikaje huko.

Binamu yangu anaendesha lori Marekani. Siku moja akiwa kwa barabara namba 24 alinitumia vois akisema amepita kijiji kinaitwa Nicodemus, kilichoanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani. "Katikati ya nyasi tupu, buda! Hakuna kitu hapa!" Hiyo usiku sikulala. Nilitaka kujua kama kweli hakuna kitu.

Shirika la Marekani linaloitwa USGS limeweka kwa intaneti ramani zake za topografia, zile zilizochapishwa kuanzia 1884 hadi 2006. Kuzipakua ni bure. Kama ulifanya Jiografia sekondari, unaikumbuka ile ramani ya moja kwa elfu hamsini ya KCSE, basi hizi ni ndugu zake. Mistari ya kahawia ni kontua, ya bluu ni mito. Kamraba keusi ni nyumba. Kakiwa na bendera ni shule, kakiwa na msalaba ni kanisa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni unyoofu. Sheria ya 1785 iliamua ardhi ipimwe kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukiitwa taunishipu. Kila taunishipu ina vipande 36 vya ekari 640. Robo ya kipande ni ekari 160, na hiyo ndiyo serikali ilikuwa inapeana kwa sheria ya 1862, mradi ukae na kulima miaka mitano. Ekari 160! Sisi tunapelekana kortini kwa hamsini kwa mia.

Mistari hiyo ilipigwa kana kwamba hakukuwa na mtu. Lakini wenyeji walikuwa wakiwinda kwenye mbuga hizo tangu zamani, na wazee wa Nicodemus walisimulia kwamba majira ya baridi ya kwanza walisaidiwa na wawindaji wa Osage waliowagawia chakula. Mraba hauonyeshi hiyo.

Nicodemus ilianza 1877. Watu walitoka Kentucky wakiwa wameahidiwa nchi nzuri. Mama mmoja, Willianna Hickman, alifika 1878 na akauliza mji uko wapi, maana haoni. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi ndani ya mashimo waliyochimba, kwa sababu miti ya kujengea ilikuwa adimu. Alilia. Kuna waliogeuka wakarudi walikotoka. Yeye alibaki.

Sasa fikiria mchora ramani anafika miaka mingi baadaye. Atachora nini? Shimo lililofukiwa halina alama, na moshi hauna rangi yake kwa karatasi.

Hata hivyo sisemi ramani ni mbaya. Ramani ndiyo ilinifanya nielewe kwa nini Nicodemus haikukua. Tafuta mto Solomon, ule mkono wake wa kusini, halafu fuata reli. Watu wa Nicodemus walikuwa wakiingoja hiyo reli kwa hamu. Mwaka wa 1888 ikapita ng'ambo ya mto, na biashara zikahama kuifuata, mahali palipokuja kuwa mji wa Bogue. Maili chache tu, lakini hizo maili ziliamua nani atauza na nani atafunga duka.

Na bado kijiji hakikufa. Tangu 1996 kinatambuliwa kama eneo la kihistoria la taifa. Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wajukuu na vitukuu wanarudi kutoka kila pembe ya Marekani kusherehekea. Wenyewe wanajua nani alikaa wapi, na hawakuambiwa na ramani. Waliambiwa na watu.

Hapo ndipo nilifunga simu nikakumbuka Desemba.

Tulikuwa na mkutano wa familia kugawa shamba la guka. Sorveya alileta mchoro safi, mistari imenyooka, kila mtoto na kipande chake. Shosho aliuvuta karibu, akaweka kidole katikati, akauliza, "Na watoto wangu wawili wako wapi hapa?"

Kimya. Ni mapacha aliowazika nyuma ya zizi la zamani, kabla baba yangu hajazaliwa. Hakuna jiwe, hakuna msalaba. Mstari wa mpaka umepita hapo hapo. Baba mkubwa akajibu kwa upole kabisa, "Mama, hiyo haiko kwa ramani." Tukaenda kwa ajenda ingine. Mimi ninayerekodi kila kitu, hata chai, sikusema neno.

Jumamosi iliyopita nilipanda matatu nikaenda. Nikamwambia, "Shosho, nionyeshe." Akashika fimbo yake, tukazunguka shamba saa mbili nzima. Zizi lilikuwa hapa. Kisima kilichokauka, hapa. Mapacha, hapa. Kila mahali nilisimama nikaweka alama kwa simu, nikaandika jina alilolitaja. Zizi halipo tena, lakini hakubahatisha hata mara moja.

Ile karatasi nimempelekea sorveya kabla bikoni hazijapigwa. Amesema anaweza kusogeza mstari, lakini familia yote lazima ikubali. Baba mkubwa hajashika simu yangu mpaka leo. Nitaendelea kupiga.

Kama shosho wako bado anatembea, enda mzunguke shamba mkiwa pamoja kabla mchoro haujaletwa mezani. Na yeye akiuliza swali kwa mkutano, usinyamaze kama mimi.