Kicheko Nilichokifumua

Alikuja amemshika mwanasesere mguu, kichwa kikining'inia chini, kama mtu abebaye samaki. Akasimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Shangazi, mfumue huu mdomo."

Nikamuuliza umeharibika nini.

"Anacheka kila saa. Hata mimi nikilia, yeye anacheka."

Alikuwa na umri wa miaka saba. Mama yake alikuwa Amu kwa matibabu, ile ikiwa wiki ya tatu, na baba yake yuko baharini, msimu wa kamba. Yule mwanasesere nilikuwa nimemshona mimi ili awe mwenzake usiku, na kwa vile nilitaka mtoto achangamke, nilimtilia kicheko kikubwa cha uzi mwekundu, shavu hadi shavu. Nilikuwa nimeridhika nacho sana. Nikachukua wembe, nikakaa naye kizingitini, nikaanza kukikata kicheko uzi mmoja mmoja huku yeye akitazama mkono wangu.

Nimeshona wanasesere wa nguo kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Kiwayu, na hakuna lililonifunza kazi hii kama maneno ya mtoto yule. Ila kwanza niseme jinsi nilivyofundishwa na mkubwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwamu aliyeolewa huku kwa Wabajuni, na hadi tunamzika hakuiacha lugha ya kwao. Kwake kichwa kilikuwa kitwa, na macho yalikuwa mato. "Kitwa kwanda, mato mwiso," alinikanya kila mara, maana mimi nilitaka kuanzia machoni. Nilikuwa nikitandika kitambaa mkekani, nachora macho kwa kipande cha kaa la mekoni, nachora pua na mdomo, ndipo nashona na kujaza. Kichwa kikishajaa, uso wote unahama. Jicho moja linapanda utosini, la pili linateleza kuelekea sikioni, na mdomo unavutika mpaka unafanana na kovu. Bibi alikigeuza kichwa kile kiganjani, akanirudishia taratibu. "Huyu hana kitwa. Ana uso tu."

Nilikuwa mtoto, nikadhani anasema habari ya nguo. Nilipofiwa na mume wangu ndipo maneno yale yaliponirudia. Katika ile miezi minne na siku kumi za eda, kila alasiri wanawake walikuja kunitazama, Mungu awalipe, na kila mmoja alitaka kuniona nimechangamka ili aondoke na moyo mwepesi. Nami nikawa nikiusikia mlango unabishwa nautengeneza uso. Nauvaa, nawakaribisha, naandaa kahawa. Wakishaondoka siwezi hata kusema ni nini kilichobaki chini ya uso ule. Nilikaa hivyo karibu mwaka mzima. Kilichonitoa hapo, baada ya sala, ni kujaza vichwa, kazi ambayo huwezi kuifanya ukiwa na haraka wala ukiwa unatazamwa.

Kazi yenyewe, nyote mnaoshona mnajua, iko kwenye kujaza. Kitambaa changu ni marekani, nakichemsha kwenye majani ya chai hadi kipate rangi ya ngozi, chai kidogo kwa mtoto wa maji ya kunde, nyingi kwa mweusi. Ndani naweka sufi. Sufi ni nyepesi na hailowi upesi, lakini ina ujanja wake: ukiisukuma yote kwa pamoja inajikunja donge katikati na kuacha pembeni matupu. Unaitia kwa ncha za vidole, kidogo sana, ukianza na mashavu, kisha kidevu, kisha paji la uso, na kijiti kinafuata nyuma kikitafuta palipo wazi. Kichwa kilichojazwa kwa pupa kinapendeza siku ya kwanza. Mtoto akimlalia mwezi mmoja, sufi inashuka, shingo inalegea, na mwanasesere anakuwa wa kuinamia begani kama mgonjwa wa homa.

Kwa shingo, sisi watoto wa Kiwayu tulikuwa na dawa. Kisiwa chetu ni kama ukanda mwembamba uliolazwa baharini. Upande wa magharibi, ulipo mji, kuna mkondo na mikoko. Mashariki kuna vilima vya mchanga na ufuo mrefu ulioelekea bahari kuu, na bahari kuu hutupa huko kila ilichochoka kukibeba. Chupa, vipande vya nyavu, na ndara. Ndara za kila rangi, za wakubwa na za watoto wachanga, zimeliwa na jua na kuumwa na samaki, kila moja imepotezana na mwenzake. Wavulana walizichonga vidau na magari. Sisi wasichana tulikata duara mbili, tukazishona pamoja, na kutoka kwenye moja tukaacha ulimi mrefu wa kushuka hadi kifuani. Hilo ndilo lililokuwa fuvu, na ule ulimi ndio uti wa shingo. Juu yake sufi, juu ya sufi kitambaa. Kichwa cha namna hiyo hakiinami. Hadi leo ninavyo vya utotoni viwili, nguo zimeoza lakini shingo zimenyooka.

Michezo hiyo ya ndara imesafiri kuliko sisi tulioicheza. Mwaka 1997 Julie Church, mtaalamu wa bahari aliyekuwa akifanya kazi ya uhifadhi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979 na ambayo Kiwayu imo ndani yake, aliviona vitu walivyotengeneza watoto wa hapa. Akawahimiza kina mama waziokote ndara, wazioshe, watengeneze vitu vya kuuza. Pakatokea Ocean Sole, ambayo mafundi wake Nairobi huzigandisha ndara matabaka kwa matabaka na kuchonga ndovu, twiga na kasa wanaonunuliwa nchi za mbali. Na hapo Amu, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki lililovikwa ndara zipatazo 30,000, na mwaka uliofuata likatweka hadi Zanzibar. Nalipenda jahazi lile. Natamani tu wanaolisimulia wakumbuke kwamba mwanzo wa habari ni mchezo wa watoto. Hakuna aliyetutuma kusafisha bahari. Tulitaka vichwa visivyoanguka, na tulizitazama zile ndara muda mrefu kabla ya kuzikata.

Sasa uso.

Bibi hakupata kumaliza uso wa mwanasesere hata mmoja. Alichovya njiti kwenye wanja, akagusa mara mbili, basi. Wanja ule ulifutika baada ya siku chache, na mtoto akitaka macho mengine alikuja kuyaomba. Nilipokuwa msichana mkubwa nilidhani anaogopa dhambi ya kutengeneza sura, nikamuuliza. Akanisimulia habari ya Bibi Aisha, ambayo wengi wenu mmeisikia darasani: jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyoona miongoni mwa wanasesere wake farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa, akauliza, farasi ana mabawa? Naye akajibu, kwani hukusikia kuwa Sulaiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Kwa hadithi hii wanazuoni wengi wamewaruhusu watoto wanasesere, na wako wanaoona ni salama zaidi uso usikamilike. Bibi alikuwa na sababu yake juu ya hiyo. "Ukimtia uso wote," alisema, "mtoto amtie nini?"

Nikakumbuka jambo hilo nilipoonyeshwa mwana hiti, kile kichwa na kiwiliwili cha mti cha Wazaramo na majirani zao wa pwani ya Tanzania. Hana mikono, hana miguu. Nywele zimechongwa kwa uangalifu mkubwa, mara nyingi matuta mawili juu ya utosi, lakini uso mara nyingi hauna kitu, au una alama ndogo tu. Mwali aliyewekwa ndani alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto wake. Mchongaji aliyejua kuchonga nywele zile angeshindwa vipi na macho na mdomo? Aliviacha kwa kuwa mwenye kuvileta ni mwali mwenyewe, kwa mikono yake, siku baada ya siku ya kumpaka mafuta.

Wazee wetu Wabajuni nao walishona kitu chenye kichwa. Walishona mtepe. Mbao ziliunganishwa kwa kamba za usumba, bila msumari, tanga lilikuwa mkeka, na omo yake iliishia kwa mfano wa kichwa cha ngamia. Ikasimuliwa kuwa ni ukumbusho wa ngamia wa Mtume. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20, na nilichowahi kukiona mimi ni picha. Lakini nilipoziona niliyatazama macho. Kando ya omo walichora macho mviringo, yaliyo wazi kabisa. Chombo kile kilibeba boriti za mikoko, mahari, maharusi, na bila shaka maiti. Jicho lililochorwa linacheka lingekuwa aibu kwa nusu ya safari. Jicho lililochorwa linalia, nani angepanda? Walilifungua tu likaona njia, na kila abiria akapanda na hali yake.

Ningekuwa nimeyafikiri haya mapema, nisingemtilia mtoto yule kicheko. Lakini sikuyafikiri. Nilifanya walivyonifanyia mimi wale wanawake wa alasiri: nilimpenda, na kwa kumpenda nikamwamulia moyo wake uweje.

Tangu siku ile nashona hivi. Macho nayaweka katikati ya kichwa au chini kidogo, ndipo mwanasesere anapokuwa na utoto. Ukiyapandisha kwenye paji anakuwa mtu mzima papo hapo. Naingiza sindano kutokea kisogoni, inatokeza penye jicho, nachukua nyuzi chache za kitambaa, narudi nayo kisogoni na kuvuta. Jicho linazama kidogo, kinapatikana kivuli, na kivuli ndicho kinachotazama. Hapa mkono uwe na huruma, kwa sababu ukivuta kupita kiasi unapata kizee. Fundo linabaki nyuma, nywele zinalifunika. Pua sitii. Mdomo ni mshono mmoja mfupi uliolala sawasawa, kwa uzi wenye rangi ya kitambaa chenyewe, hata ukiwa mbali huuoni. Asubuhi mtoto huniambia mwanasesere amefurahi. Jioni, huyo huyo, amenuna. Sijamgusa.

Si wote wanaowapenda. Mwenye duka mmoja aliyekuwa akinichukulia kumi kumi aliniambia wageni wanataka wanaocheka, wale wa kimya hawatoki. Kwake ilikuwa biashara, na nyumba yangu ilihitaji biashara ile. Nilijaribu. Nilishona vicheko vitano, nikaviweka mstari mmoja dirishani, na usiku nilipopita na taa niliona aibu, nikaenda kuchukua wembe. Yule mwenye duka sasa anachukua vikapu kwa mtu mwingine. Mimi nauza wachache, zaidi kwa watu wa visiwani wanaojua wanampelekea mtoto gani.

Mtoto wa kicheko alimchukua mwanasesere wake siku ile bila mdomo kabisa. Nilitaka kumshonea ule mfupi, akakataa. Uzi mwekundu ulikuwa umetoka, lakini matundu ya sindano yalibaki, mstari wa vitone uliojikunja shavu hadi shavu, na kwenye marekani iliyochemshwa chai matundu hayazibi upesi. Nikamwambia yatajifunga ukimfua. Akapitisha kidole juu yake, mwanzo hadi mwisho, kama anayasoma. "Yaache," akasema. Mama yake alirudi mwezi uliofuata, amekonda, lakini amerudi, alhamdulillah. Nilimwona mtoto gatini akimsubiri, mwanasesere yuko ndani ya leso mgongoni, uso umegeukia nje.

Sasa ana miaka kumi na mitano, na siku za Ijumaa baada ya sala huja kwangu kushona. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na macho yangu yameanza kunisumbua kwenye tundu la sindano, kwa hiyo yeye hunitilia uzi. Wiki iliyopita nilikuwa nimemaliza kichwa kizuri, au nilichokiona kizuri. Nimekifunga shingo, nimekata uzi, nimeshaanza kupima mahali pa macho kwa pini mbili. Nikampa akishike nitafute wanja.

Alikifumbata. Hakukitazama, alikifumbata tu kiganjani huku ameangalia nje uani, akaanza kukibonyeza kwa kidole gumba, mashavu, paji, kisogo, pole pole. Akafika chini ya kidevu, akasita. Akabonyeza tena.

"Shangazi, hapa pana shimo."

Nikakichukua, nikaweka kidole changu alipoweka chake. Palikuwa na shimo. Nikachomoa zile pini mbili, nikafungua uzi wa shingo.