Suti za Malcolm

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Sikukuu ya Muungano. Duka nimefunga, kazi imenifuata nyumbani. Wale vijana wa kikundi cha maigizo wamekuja na jambo lao: tarehe 19 Mei Malcolm X angetimiza miaka 100, wanataka kuyacheza maisha yake ukumbini, na mavazi nishone mimi. Bajeti yao hata kuiandika hapa naona haya. “Shangazi, wewe tazama tu filamu, kila kitu kimo mle,” kasema kiongozi wao, kaniachia flashi. Ni ile ya Spike Lee ya 1992, Denzel Washington ndiye Malcolm. Dakika 202! Nitaitazama kwa vipande huku nikipinda sketi za shule.

Jumapili, 27 Aprili

Sketi hazikupindwa. Nani atapinda sketi na zile suti ziko mbele yake?

Boston, miaka ya vita. Malcolm na rafiki yake Shorty (Spike Lee mwenyewe) wanakata mitaa wamevaa zile suti walizoziita zuti. Koti linakaribia magoti, mabega yametanuka kuliko mwenye mabega, kofia pana. Suruali inaanzia juu kwenye mbavu, inajaa gotini, halafu inabana kifundoni mpaka najiuliza mguu unapitaje. Ukanda wa juu unataka marinda ya kina, na marinda ya kina yanakula kitambaa. Hapo ndipo penye fitina yake. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliweka mipaka ya sufu kwa ajili ya vita, kwa hiyo kijana aliyejifunga mita zote zile mwilini alionekana msaliti. Juni 1943, kule Los Angeles, wanajeshi walipita mitaani wakiwapiga vijana, wengi wao wenye asili ya Meksiko, na kuwavua suti hadharani. Filamu haifiki huko, lakini ukishajua, ile rangi ya samawati ya Malcolm haibaki urembo mtupu.

Mbunifu wa mavazi ni Ruth E. Carter. Kwa filamu hii aliteuliwa kuwania Oscar, hakupata. Alikuja kuipata kwa Black Panther, mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda kwa mavazi. Nimeirudia picha ya dansi kwa ajili ya makoti tu: namna yanavyofunguka mtu akizunguka na kurudi mahali pake. Bila bitana nzuri koti lingemng’ang’ania mgongoni.

Na ile dawa ya kunyoosha nywele! Magadi makali yanawaka kichwani, anahangaika kutafuta maji. Nimejishika utosi. Wateja wa saluni ya jirani wangeelewa bila kuelezwa.

Jumatano, 30 Aprili

Leo Malcolm kafungwa; nimetazama jela mpaka Harlem. Rangi zimekwisha. Mpigapicha Ernest Dickerson kaiacha jela iwe baridi, ya kijivu, halafu mtu anatoka humo na suti nyeusi, kola nyembamba, tai nyembamba, miwani. Hakuna marinda tena. Ni Malcolm yule yule. Denzel hakubadilisha uso, kabadilisha mgongo. Kwenye zuti alitembea kwa kuyumba, sasa kiuno kimetulia na koti halicheki.

Picha niliyoirudia ni ile ya nje ya kituo cha polisi. Ni jambo la kweli, la Aprili 1957: Johnson Hinton, mfuasi wa Nation of Islam (ile jumuiya ya Waislamu Weusi wa Marekani aliyoingia Malcolm), alipigwa na polisi wa New York mpaka akaumia vibaya, Malcolm akaenda kudai apelekwe hospitali. Wanaume wamesimama mistari barabarani, suti zimefanana, hakuna anayeongea. Halafu, nje ya hospitali, Malcolm anaashiria kwa mkono, wanageuka, wanaondoka. Kwa hiyo nitahitaji makoti ya kufanana. Sita yatatosha, jukwaa letu si barabara ya Harlem.

Kuna linaloniudhi. Mle jela, anayemwingiza kwenye Nation ni mfungwa aitwaye Baines. Huyo ametungwa. Kwa kweli ni ndugu zake wa damu waliomwandikia barua na kumtembelea hadi akakubali. Na Ella yuko wapi? Ella Collins, dada yake kwa baba, ndiye aliyempokea Boston akiwa kijana, na baadaye ndiye aliyempa pesa za kwenda Hija. Dakika 202 na dada hana hata kiti! Naambiwa filamu haiwezi kubeba kila mtu. Sawa, lakini dansi limebebwa mara mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Nimefika Makka. Hapa fundi hana kazi: ihramu ni shuka mbili zisizoshonwa. Baada ya suti zote zile, mtu anafika mahali anapotakiwa aiache sindano nje. Sijui kama Spike Lee aliliwaza hivyo. Mimi nimeliona, na nimemwambia kiongozi wa kikundi asithubutu kuzipinda pembeni “zipendeze”.

Picha za Makka ni za Makka kweli. Spike Lee si Mwislamu, hivyo hakuingia. Walipelekwa wapigapicha Waislamu. Haikuwahi kutokea filamu ya kuigiza kuruhusiwa kupiga picha mle.

Pesa nazo zina kisa chake. Bajeti ilipozidi, kampuni ya dhamana ilishika usukani na kazi ya kuhariri ikakwama. Spike Lee alikuwa ameshatia sehemu ya ujira wake. Akapiga simu kwa Weusi wenye uwezo: Oprah Winfrey, Michael Jordan, Magic Johnson, Janet Jackson, Prince, Tracy Chapman, na wengine. Wakatoa. Si mkopo, si hisa. Mchango, kama tunavyochangia harusi, ila hawakupewa hata kadi ya sahani. Nimewasomea vijana wangu habari hii kwa sauti, na malipo ya awali bado sijayaona.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemaliza. Nina hasira, na nimekaa nayo tangu jana usiku.

Mwaka 1964 Malcolm alikaa miezi mingi Afrika. Filamu inatupa Cairo, piramidi, watu wanaomfuatilia kwa siri, basi. Mara yuko New York, nyumba inachomwa moto, wanamuua. Mtazamaji atadhani alikwenda kuswali na kupiga picha ngamia. Alikwenda na kazi. Julai aliwapelekea wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliokutana Cairo waraka akiomba waifikishe kesi ya Weusi wa Marekani mbele ya Umoja wa Mataifa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mambo yakibaki haki za raia, hakimu ni Marekani yenyewe, yakiitwa haki za binadamu, kura yetu na ya Ghana zinahesabiwa. Huo ndio mwaka aliokuwa hatari kuliko wakati wowote, na ndio mwaka uliokatwa.

Na alifika hapa! Oktoba 1964, Dar es Salaam, Muungano hata miezi sita haujatimiza na jina la Tanzania lilikuwa bado halijapitishwa. Aliongea na mwanamapinduzi wa Zanzibar, Abdulrahman Babu, akaonana na Mwalimu Nyerere. Kisha Kenya, na Nairobi akakutana na John Lewis wa SNCC, kikundi cha wanafunzi wapigania haki za raia, yule kijana wa upande wa akina Martin Luther King ambao filamu ingetaka tuamini hawakuwa na la kuzungumza naye. Desemba 13, Babu akiwa New York, Malcolm alimkaribisha ahutubie watu wa Harlem katika ukumbi wa Audubon. Wiki kumi baadaye, Februari 21, Malcolm akapigwa risasi katika ukumbi ule ule.

Filamu nzuri, narudia. Denzel alinyimwa Oscar aliyostahili. Wakampa Al Pacino. Lakini niachieni mkasi: ningekata dansi moja nikaweka Babu.

Jumanne, 13 Mei

Kujaribisha. Kijana anayecheza Malcolm ana bega la kushoto limeshuka, nimeongeza pedi upande mmoja. Zuti nimeitoa kwenye makoti mawili ya mtumba na pazia la samawati. Ukikaa safu ya tatu huoni kitu.

Tumebishana kuhusu mwisho. Wanataka kama filamu: watoto wanasimama darasani mmoja mmoja wakijiita Malcolm X, halafu Mandela, akiwa mwalimu kule Soweto. Mandela alikuwa katikati ya mazungumzo na serikali ya makaburu, akakataa kuyatamka mbele ya kamera yale maneno ya mwisho, ya kutumia njia yoyote itakayolazimu. Spike Lee akamalizia kwa picha za Malcolm mwenyewe. Mimi napenda ule ukataaji kuliko wale watoto. Nikawaambia: Mandela amekwisha kuigizwa na dunia nzima, wekeni Dar. Na kama ni lazima mueleze mauaji, semeni pia kwamba mwaka 2021 mahakama iliwasafisha Muhammad Aziz na Khalil Islam, waliohukumiwa kwa mauaji hayo na kukaa jela miaka 20 hivi au zaidi kila mmoja, na Islam alikuwa ameshakufa.

Kiongozi wao kakuna kichwa. “Shangazi, hilo la Dar tutalichezaje, hatuna nguo zake.” Nguo! Meza moja, viti viwili, vikombe vya kahawa. Malcolm abaki na suti yake, Babu avae shati jeupe, kila kijana analo nyumbani. Wamekubali, kwa sharti niwaandikie mimi mazungumzo. Nimekataa. Kila mtu na kazi yake.

Imebaki ile kofia ya manyoya aliyovaa Malcolm miezi yake ya mwisho. Kesho nitapita soko la Karume mapema kabla ya marobota ya mtumba kuchambuliwa.