Kwanza Nauliza Vumbi Linatua Wapi

Mimi ni fundi umeme. Kazi zangu nyingi ziko Holili na Himo, kwenye maghala na mashine za mahindi. Ufundi nilifundishwa vizuri: nguvu ya mota, unene wa waya, fyuzi, ethi. Vumbi la mahindi kwetu lilikuwa habari ya kikohozi tu.

Kilichonibadilisha ni mafunzo ya usalama kazini. Mkufunzi alitusimulia ya Blaye, Ufaransa, ambako tarehe 20 Agosti 1997 vihenge vya nafaka vililipuka, watu 11 wakafa. Kisha akaturudisha Torino, Italia, mwaka 1785: vumbi la unga kwa mwokaji mikate liliwashwa na taa, likalipuka. Nilirudi nyumbani sina amani, maana vyote alivyovitaja navikuta kila ninapofanya kazi: vumbi laini lililotimka, hewa, chumba kilichofungwa, na cheche.

Tangu hapo sianzi na orodha ya vifaa. Nazunguka ghala mashine ikiwa inanguruma, nachora kanda za hatari ya mlipuko wa vumbi. Palipo na kihenge, ndani yake, na ndani ya mnara wa mkanda wenye ndoo unaopandisha mahindi, wingu la vumbi hukaa muda mrefu au hurudi kila mara: hiyo ni kanda ya 20. Pale magunia yanapomwagwa, vumbi linapotimka mara mojamoja katika kazi ya kawaida, ni kanda ya 21. Linapofika kwa nadra na kwa muda mfupi, ni kanda ya 22. Nje ya hapo, vifaa vya kawaida vinatosha.

Mchoro huo huokoa fedha. Mwenye ghala akisikia bei ya mota isiyopitisha vumbi hushtuka. Namwonyesha kwamba swichi kuu, soketi na boksi la kuwashia mota vinaweza kuhamia upande wa pili wa ukuta. Vinavyobaki ndani ni vichache, na hivyo ndivyo tunavyovinunua vyenye sifa kamili.

Ufagio nao nimeuheshimu. Vumbi likilala juu ya mota, joto hukosa pa kutokea. Kanuni ya kimataifa inataka kifaa chenye tabaka la vumbi la milimita 5 kisifikie joto la kuliwasha, kibaki chini yake kwa nyuzi 75 au zaidi. Tabaka likinenepa, hesabu hiyo haitoshi tena. Tena mlipuko mdogo hutikisa kenchi, vumbi lililolala huko juu likamwagika hewani, na mlipuko wa pili ndio unaobomoa jengo.

Mafundi wenzangu, tusikubali kufunga taa kabla ya kuchora. Nanyi wenye maghala, daini mchoro wa kanda, ubandikeni ukutani, na kila mashine mpya ikiingia, uchorwe upya. Vijana wanaobeba magunia humo wanastahili kurudi nyumbani salama.