Misimu ya Bibi

Sehemu kubwa ya maisha yangu, tangu nilipoacha kufundisha shule ya msingi, nimeandika wasifu wa marehemu, ule unaosomwa siku ya mazishi au wakati wa kumaliza matanga. Familia za Rutshuru, mashariki mwa Kongo, huleta kadi ya ubatizo, picha chache na madai yanayopingana kuhusu mwaka wa kuzaliwa. Marehemu akiwa bibi wa miaka tisini, mwenye vitukuu na vilembwe, mfuatano wanaoutaka ni uleule: alizaliwa enzi za Wabelgiji, akaona uhuru wa 1960, wakimbizi wa Rwanda wa 1994, vita ya 1996 na ya 1998, mauaji ya Kiwanja ya Novemba 2008, waasi wa M23 wa 2012, kisha M23 iliyorudi na kuiteka Rutshuru mwishoni mwa Oktoba 2022. Kalenda hiyo ni ya kweli, ila ni ya wenye bunduki. Bibi akiandikwa kwa kalenda hiyo, anabaki mtu wa kukimbia na kurudi, na ile furaha ambayo kila mtu pale matangani anaisimulia inaonekana kama tabia tu aliyojaliwa na Mungu, kitu kisichokuwa na chanzo wala gharama.

Chanzo kipo, na kinahesabika. Bwisha, eneo letu hili la Rutshuru, hupanda mara mbili kwa mwaka: maharagwe yanayotiwa ardhini Septemba huvunwa kabla ya mwaka kwisha, na Februari au Machi jembe linarudi. Mwanamke aliyeanza kulima akiwa na miaka kumi na mitano na kuendelea hadi themanini amekutana na misimu mia moja na thelathini hivi. Ondoa ile iliyoliwa na vita, ambayo si michache, na bado inabaki mingi kuliko vita vyote vikijumlishwa. Katika misimu hiyo ndimo ilimotoka karo ya shule, mahari ya wana, kasiksi (pombe ya ndizi) ya harusi, na mchango wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, uliomnunulia mkamwana kikwembe baada ya kujifungua. Sherehe ambazo wajukuu wanazikumbuka kwa vicheko zilipangwa miezi mingi kabla, na mtu aliyejua madebe mangapi ya maharagwe yauzwe sokoni Kiwanja na mangapi yabaki kwa mbegu. Kwa hiyo ninapoandika kwamba bibi aliishi kwa furaha, naandika habari ya uchumi wa nyumba, na nataka ithibitishwe kwa ushahidi kama madai mengine yoyote: daftari la likelemba, rejista ya parokia, idadi ya watoto wasio wake waliokulia kwake.

Wapo wanaosema kwamba kusifu furaha mahali penye makaburi mengi hivi ni kuwakosea heshima waliouawa. Ningekubali kama furaha ingewekwa mahali pa msiba. Lakini mfano wa jirani unaonyesha mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kitabu kimoja. Rosamond Carr, Mmarekani aliyefika Kongo mwaka 1949 na baadaye kulima pareto na maua Mugongo, upande wa Rwanda wa volkeno zilizo mpakani, alirudi nyumbani kwake baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, akiwa na miaka 82, akaanzisha kituo cha yatima, Imbabazi. Kitabu chake cha 1999 hakifichi maiti, wala hakioni haya kueleza bustani na karamu. Tofauti yake na bibi wa Rutshuru ni karatasi: yeye alijua kuandika, na alikuwa na mpwa wa kumsaidia kukitunga kitabu. (Sijasikia wasomaji wake wa Ulaya na Marekani wakimwuliza kama alikuwa na haki ya kufurahi. Swali hilo huulizwa sisi.)

Pingamizi linalonisumbua zaidi hutoka kwa wasichana waliosoma. Wanasema sifa hizi zinapamba utumwa: mwanamke amelima maisha yote na tunamshukuru kwa kutabasamu. Hapo wana haki zaidi kuliko familia nyingi zinavyotaka kusikia. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kwa kila tendo la kisheria lililomfunga kutimiza wajibu yeye mwenyewe, na kifungu hicho hakikuondolewa hadi Julai 2016, wakati mabibi ninaowaandika walikuwa wajane wazee. Furaha yao haithibitishi kwamba walitendewa haki. Inathibitisha tu uwezo wao, kwamba kwa mali wasiyoimiliki waliendesha nyumba kubwa ikasimama. Wasifu unaotaja vicheko bila kutaja shamba unawapa hoja wasichana hao, na ndiyo sababu siku hizi naiuliza familia, hata ikinuna, shamba alilolima marehemu liliandikwa kwa jina la nani, nani aliuza kipande kipi, na binti zake watapata nini matanga yakiisha.