Lenzi ya Bei Nafuu na Mwanga wa Kupachika

Katika nchi yetu mwalimu anaweza kufundisha miaka 35, akastaafu, akaaga dunia, na sura yake ikabaki mahali pawili tu: kwenye kitambulisho na kwenye jalada la mafao. Picha hizo hazikupigwa kwa ajili ya kumkumbuka mtu. Zilipigwa ili karani athibitishe kwamba anayelipwa ni yule yule. Macho yamekodolewa, shingo imekakamaa, na nyuma kuna kitambaa cha buluu. Siku ya msiba watoto wa marehemu huichukua picha hiyo ndogo na kuipeleka studio ikakuzwe, nayo hurudi ina ukungu kama kioo cha basi wakati wa mvua. Nimeketi kwenye matanga mengi ya walimu wenzangu nikiitazama picha ya namna hiyo juu ya jeneza, huku nikijua kwamba marehemu hakuwa hivyo. Huyu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza aliyeweza kunyamazisha watoto 90 kwa kuinua nyusi tu.

Hiyo ndiyo sababu ya mzee kama mimi, niliyetumia maisha yangu kwenye chaki na maandalio ya somo, kujitia katika mambo ya kamera. Nimeazimia jambo dogo: kuwapiga picha walimu wastaafu wa tarafa yetu wangali hai, kila mmoja nyumbani kwake, kwenye kiti chake, akiwa na uso wake mwenyewe. Hadi leo wamefika 58. Kila mmoja hupata picha moja iliyochapwa, yenye ukubwa wa daftari. Tisa kati yao wamekwisha kututoka, na kwenye matanga yao picha iliyowekwa ilikuwa hiyo.

Kazi hii ina adui mmoja, naye ni giza. Nyumba zetu zimejengwa kukimbia jua. Madirisha ni madogo, baraza ina paa refu, na sebule saa nane mchana huwa na mwanga kidogo kuliko mgeni anavyodhani, kwa kuwa jicho la mwanadamu huzoea upesi. Kamera haizoei upesi hivyo. Kumtoa mzee nje nako si dawa. Jua la utosi huyageuza macho kuwa mashimo, na tena wako wengine ambao hawawezi kutoka kitandani.

Hapa, ndugu msomaji, naomba uniruhusu nishike chaki kidogo. Mwanga huingia kwenye kamera kupitia tundu la lenzi. Ukubwa wa tundu huandikwa kwa namba, na namba hiyo huwachanganya wengi kwa sababu ni ya kugawanya: urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu. Kwa hiyo namba ndogo maana yake ni tundu kubwa. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa mpaka mwisho huwa na tundu la 5.6. Lenzi isiyovuta ya milimita 50 hupata 1.8 kwa bei ambayo mstaafu anaweza kuifikiria bila kuuza mbuzi. Gawa 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa jibu hilo hilo, utapata karibu 10. Yaani sebule ile ile, mzee yule yule, lakini mwanga unaoingia ni karibu mara 10. Hakuna balbu nitakayomwomba mwenye nyumba aninunulie itakayonipa zawadi hiyo.

Lenzi isiyovuta ni rahisi kwa sababu haina kazi nyingi. Lenzi ya kuvuta hulazimika kuwa lenzi nyingi ndani ya bomba moja, na kila kipande cha kioo kinachosogea ni gharama. Ile isiyovuta hufanya jambo moja tu. Asili ya nyingi kati ya lenzi za milimita 50 ni mchoro uitwao Planar, alioubuni Paul Rudolph wa kampuni ya Zeiss huko Ujerumani mwaka 1896. Mafundi wamekuwa na zaidi ya karne moja ya kuurekebisha mchoro huo. Si ajabu basi kwamba kitu kizuri kimeshuka bei. Watu husema kitu rahisi ni ghali, na katika viatu na vitasa vya milango nimeliona hilo. Lakini msemo huo haufai kutumiwa bila kuuliza: je, ni rahisi kwa sababu kimetengenezwa vibaya, au ni rahisi kwa sababu hakikuongezewa mapambo?

Kamera ninayotumia ni mtumba niliyoletewa na mwanafunzi wangu wa zamani. Ni ya mwaka 2011, ndogo, isiyo na kioo cha ndani. Kamera za zamani za lenzi za kubadilisha zilikuwa na kioo kinachoruka juu kila unapobonyeza, na kioo hicho kilihitaji nafasi. Kwa Nikon umbali kutoka kipachiko cha lenzi hadi filamu ni milimita 46.5, kwa Canon za EF ni 44. Kamera zisizo na kioo zilipoingia sokoni mwaka 2008 nafasi hiyo ilifupishwa sana, na kwenye kipachiko cha E cha Sony, kilichotoka mwaka 2010, ni milimita 18 tu. Toa 18 kwenye 46.5, inabaki 28.5. Basi bomba tupu la urefu huo, lisilo na kioo wala waya, linatosha kuifanya lenzi ya miaka ya 1970 ifanye kazi kwenye kamera ya leo. Lenzi ya milimita 50 niliyokuwa nayo tangu enzi za filamu, iliyolala kabatini miaka mingi, nimeirudisha kazini kwa bomba la namna hiyo. Kwenye kamera hii, yenye kihisi kidogo kuliko fremu ya filamu, hutazama kama lenzi ya milimita 75, nao ni urefu mwema kwa uso wa mtu. Ulengaji ni wa mkono, lakini kamera hukuza jicho la mzee kwenye skrini nami nazungusha pete taratibu mpaka kope zionekane. Kwa hakika polepole hiyo inanifaa. Mzee hupata muda wa kusahau kwamba anapigwa picha.

Lenzi yangu ya pili ni ya milimita 30, tundu 2.8, kutoka Sigma. Mwaka 2012 kampuni hiyo ya Japani ilitoa lenzi mbili ndogo kwa kamera zisizo na kioo, ya milimita 19 na ya milimita 30, kila moja kwa takriban dola 200 huko Marekani. Yangu ni mtumba pia. Hii naitumia pale ninapotaka mtu na chumba chake: redio, kalenda ya ukutani, fimbo iliyoegemezwa mlangoni.

Nimejiuliza kwa nini kampuni nyingine iliruhusiwa kutengeneza lenzi ya kamera isiyo yake. Jibu linafaa kufundishwa darasani. Mwaka 2011 Sony ilitangaza kwamba ingewapa watengenezaji wengine vipimo vya msingi vya kipachiko chake cha E bila malipo, kwa makubaliano. Milango ikafunguka, na wanunuzi wa kipato kidogo wakapata pa kuingilia. Wengine walikawia. Mwaka 2022 Viltrox ya China iliacha kuuza lenzi zake za kipachiko cha RF baada ya Canon kudai haki za hataza, na ilikuwa Aprili 2024 Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi za kipachiko hicho kwa kibali cha Canon. Siwalaumu wenye mali kulinda mali yao. Nasema tu kwamba maarifa yakigawiwa, bei hushuka, na bei ikishuka mtu wa tarafani naye hushika chombo. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi wa ualimu hivyo hivyo kuhusu vitabu.

Tuje kwenye flashi, maana lenzi peke yake haitoshi pale dirisha lisipokuwapo kabisa. Kitako cha kupachikia flashi juu ya kamera kina umbo linalojulikana duniani kote, lenye nukta moja katikati ya kusema "waka". Lakini mwaka 1988 Minolta ilibuni kitako chake chenye umbo la pekee. Sony iliporithi shughuli za kamera za Konica Minolta mwaka 2006, ikakirithi na kitako hicho, ikaendelea nacho hadi mwaka 2012 ilipoleta kingine kinachokubali umbo la kawaida. Kamera yangu ni ya kabla ya mabadiliko hayo. Flashi za kawaida hazikai juu yake mpaka uweke adapta, kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinachotengenezwa na watu wengine kabisa.

Adapta hii hupitisha neno moja tu. Haiiambii kamera nguvu ya flashi, wala haiiambii flashi tundu la lenzi. Kila hesabu ni juu ya mpiga picha. Kwangu mimi hilo si msiba, kwani hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Flashi huwa na namba ya nguvu. Ukiigawa kwa umbali wa mita unapata tundu. Flashi ya 28, mtu akiwa mita 5, tundu ni 5.6. Jambo la kukumbuka ni kwamba kamera isiyojua kama kuna flashi itakuonyesha skrini nyeusi ukishapanga vipimo kwa mkono, kwa sababu inaonyesha chumba kama kilivyo. Kwenye orodha ya mipangilio kuna mahali pa kuizuia isifanye hivyo. Nimekutana na vijana waliotaka kutupa adapta nzima kwa kutojua mpangilio huo mmoja.

Kuna onyo moja zito zaidi. Flashi za zamani hazikutengenezwa kwa kamera za kielektroniki. Baadhi zilipitisha zaidi ya volti 200 kwenye ile nukta ya katikati, na adapta isiyo na kinga huzipeleka moja kwa moja ndani ya kamera. Kabla ya kutumia flashi mbili nilizopewa, nilizipeleka kwa fundi redio. Tuliziwasha mpaka taa ya utayari ikawaka, tukagusa nukta ya katikati na chuma cha pembeni kwa ncha za mita. Moja ilisoma volti 5, nyingine zaidi ya 150. Hiyo ya pili imebaki pambo la meza. Fundi alinitoza bei ya soda, na kamera ingali hai.

Mwanga wenyewe usimwelekee mtu usoni. Flashi ikimkabili mzee, humng'arisha paji la uso na kumtupia kivuli ukutani kama mtuhumiwa. Mimi nageuza kichwa cha flashi kuelekea dari kama ipo. Nyumba isiyo na dari, natundika shuka jeupe kwenye kamba na kuupiga mwanga hapo, ukarudi ukiwa mpana na mpole. Ngozi zetu hupenda mwanga wa namna hiyo, kwani hauonekani sana kama weupe uliopakwa bali kama mng'ao unaofuata mfupa wa shavu. Mnakumbuka picha za shule za zamani, ambamo mashati yalionekana vizuri na nyuso zikawa vivuli? Watoto hawakuwa na kosa. Filamu za rangi za wakati ule zilisawazishwa kwa ngozi nyeupe, na mpiga picha alipima mwanga wa mashati. Leo mwenye kamera anaweza kuupima uso, akaliacha shati lijitafutie lenyewe.

Mjukuu wangu huniuliza, "Babu, si simu inatosha?" Swali lake ni la haki, na simu za siku hizi zinafanya mambo makubwa. Kwenye mwanga mzuri sioni aibu kuitumia. Lakini gizani simu hukisia, hulainisha, na mikunjo ya mwalimu aliyefundisha tangu mwaka wa UPE, 1977, hupotea kama imepigwa pasi. Mikunjo ile ndiyo wasifu wake. Tena picha za simu huibiwa pamoja na simu. Picha iliyochapwa haiibiwi na mtu.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza kazi kama hii kijijini kwake asianze kwa kukopa. Anunue kamera mtumba isiyo na kioo, anunue lenzi moja isiyovuta, akae nayo miezi sita akijifunza kusogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa mkono. Ndipo atafute flashi na adapta yake, aipime volti, atafute na shuka jeupe. Mwanga wa dirisha usipuuzwe hata hapo. Katika hao 58, zaidi ya nusu nimewapiga bila flashi kabisa.

Kwenye orodha yangu kuna majina 23 yaliyobaki. Wa kwanza ni mwalimu wa hesabu mwenye umri wa miaka 88, mgonjwa wa miguu, anayelala chumba cha nyuma chenye dirisha la kiganja. Binti yake amenipigia simu kusema baba anakubali, ila anataka kwanza anyolewe ndevu. Jumamosi nitakwenda na shuka.