Nani Kasema?

Insha yangu ya kwanza ya chuo ilipata sifuri. Si sifuri ya kushindwa, maana hata kushindwa kuna alama zake. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba maneno haya si yangu, na kwamba huo ni wizi. Niliisoma kwenye simu, nimekaa nje ya kituo cha vijana hapa Kakuma, nikaizima haraka kabla wenzangu hawajaona. Hapa kambini kuitwa mwizi si mchezo.

Kozi yenyewe ni ya chuo cha nje, tunasoma kwa intaneti. Nilikuwa nimemaliza Form Four hapahapa, na insha nilikuwa naziweza. Shuleni tulizoea kuanza na methali, kisha jua lichomoze, ndege waimbe, na mwisho funzo. Basi nikaandika hivyo hivyo. Mada ilikuwa sababu za vijana kuacha shule. Nilianza na samaki mkunje angali mbichi, halafu nikatafuta kwenye intaneti, nikapata aya mbili za Kiingereza kigumu, nikazibandika. Kwa kweli nilidhani nimefanya bidii.

Nataka wanaotufundisha waelewe jambo hili. Kitabu kimoja tulikuwa tunakisoma watu watano. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili, na siku ya mtihani anayerudisha maneno ya mwalimu bila kukosa hata nukta ndiye wa kwanza. Kuyabadilisha ilionekana kama utovu wa adabu. Sasa naambiwa kurudisha maneno ya mtu bila kumtaja ni wizi. Zote mbili ni sheria, lakini hakuna aliyeniambia kwamba nimevuka mpaka.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja aliyetangulia kwenye kozi. Aliniuliza, "Mdogo wangu, pale bombani ukiambiwa mgao umepunguzwa, wewe unauliza nini?"

"Nauliza nani kasema."

"Basi ndiyo hiyo wanayoitaka. Nani kasema, alisema lini, na alijuaje."

Nilicheka, lakini ikaniingia. Sisi wa kambini tunajua fununu ni nini. Nimeona jirani akiuza godoro na sufuria kwa sababu ya safari ya ng'ambo ambayo haikuwepo. Kila mtu alikuwa ameisikia, na hakuna aliyejua imetoka kwa nani. Kumbe kutaja chanzo si pambo la wasomi. Ni ili msomaji aweze kwenda kuhakikisha mwenyewe kabla ya kuuza godoro.

Nikarudi kwenye zile aya mbili na swali hilohilo. Zilisema vijana wakimbizi wanaacha shule kwa kuwa hawana malengo. Nani kasema? Hapakuwa na jina. Alijuaje? Haikuandikwa. Nami nimeongoza kikundi cha vijana mwaka wa tatu sasa, najua malengo yao mmoja mmoja. Nilikuwa nimewasingizia vijana wangu mwenyewe, kwa maneno ya mtu nisiyemjua, ili nipate alama. Hilo liliniuma kuliko ile sifuri.

Kikundini nina daftari la mahudhurio. Usiku ule nililifungua. Niliona wasichana kadhaa wanakosa mfululizo, halafu wanarudi, halafu wanakosa tena. Zile siku zilikuwa karibu na siku za mgao. Kesho yake nikamuuliza mmoja wao taratibu, pembeni.

"Siku za mgao ni miye ninashikaga laini," akasema. "Mama iko kwa kibarua. Shule pia ninaikosaga. Nikikosa nyingi, ninasikia haya kurudi."

Sentensi nne, na hakuna hata moja niliyoikuta kwenye zile aya mbili.

Insha ya pili niliianza bila methali. Hoja kuu niliiweka mwanzoni kabisa, kwamba baadhi ya wasichana hawaachi shule kwa siku moja, wanaiacha kidogo kidogo, foleni kwa foleni. Kila aya ilibeba jambo moja, ushahidi wake, na maelezo ya kwa nini ushahidi huo una uzito. Mwalimu aliirudisha na duara kwenye neno "wote". Daftari moja la kikundi kimoja, akasema, haliwezi kusema "wote". Nikajifunza kuandika "huenda" na "inaelekea". Mwanzoni niliona ni woga. Baadaye nikafikiria wale wanaosimama mbele yetu mikutanoni, wote wana hakika na kila kitu, na mara ngapi tumekuja kujuta. Kusema "huenda" pale ambapo hujui yote ni uaminifu.

Insha ilifaulu, si kwa alama kubwa. Nilienda kumsomea yule dada sehemu yake, nikiitafsiri kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Jina yangu iko wapi?"

Nikamweleza kwamba yeye bado ni mtoto, na sheria inataka tumlinde. Nimeandika tu "msichana mmoja wa kikundi".

"Na yule profesa uliyesoma? Yeye uliandika jina yake?"

"Ndiyo. Na mwaka."

Alinyamaza kidogo. "Sasa watajuaje ni miye nilisema?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Sheria ya kumlinda ni ya haki, naiheshimu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimejifunza kwa machungu kwamba maneno yana mwenyewe, na hapo nilikuwa nimesimama mbele ya mwenyewe. Nikamwambia siku moja ataandika yeye, na jina litakaa juu kabisa.

"Basi unifundishe," akasema.

Tunakutana Jumamosi, baada ya mpira. Somo la kwanza nililiandika ubaoni kwa maneno mawili: Nani kasema? Nikawaambia wasilinakili, walijibu.