Mtoto katika Makumbusho ya Tervuren

Mtoto mmoja wa Kongo alikaa na wazazi wake Ubelgiji. Siku moja baba yake alimpeleka Tervuren, karibu na Bruxelles, kutazama makumbusho makubwa ya Afrika. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1910.

Kwanza waliona mtumbwi uliochongwa katika mti mmoja tu. Urefu wake unapita meta 22. Kisha waliona tembo, sanamu za mbao, ngoma na mawe yenye shaba. Mtoto alifurahi sana. Aliuliza: «Baba, vitu vyetu vilifika hapa vingi hivi. Na watu je?»

Baba alinyamaza kidogo, akajibu: «Watu pia, mwanangu. Mwaka 1897 watu 267 wa Kongo waliletwa Tervuren. Waliwekwa bustanini, Wazungu wakaja kuwatazama. Saba walikufa kwa ugonjwa. Lakini mtu si kitu cha kutazamwa. Ni kiumbe cha Mungu.»

Walitoka, wakaenda kanisani. Kando ya kanisa wamelala Ekia, Zao, Mpeia na wenzao wanne. Mtoto alipiga magoti, akawaombea.

Jioni mama alimwuliza: «Umeona nini?» Mtoto hakutaja tembo. Alitaja yale majina saba, moja moja.